Fundi na Programu: Kukifungua Kidhibiti cha Utepe wa LED na Kukiandikia Upya



Mhadhara huu unahusu kifaa kinachoenea kiganjani. Kifaa chenyewe ni kidhibiti cha utepe wa taa za LED, yaani kisanduku kinachokaa kati ya adapta ya umeme na utepe wa taa, kikapokea amri kutoka kwenye simu, kisha kikaamua utepe uwake rangi gani na kwa ukali gani. Wasikilizaji wengi wamekizoea hata kama hawajawahi kukitazama, kwa kuwa hufichwa juu ya dari za jipsamu, chini ya kaunta za saluni na maduka ya nguo, au nyuma ya televisheni, na hukumbukwa siku ile tu ambapo taa zinakataa kutii simu.

Lengo la mhadhara ni kuthibitisha jambo moja: kwamba kuifuta programu iliyokuja na kifaa cha namna hii na kukiandikia nyingine ni kazi ya ukarabati, yenye kanuni, vipimo na maadili yake, na kwamba inapaswa kuhesabiwa miongoni mwa kazi halali za fundi sawasawa na kubadilisha kapasita iliyovimba. Jambo hilo litajengwa kwa hoja sita. Ili maelezo yasielee hewani, kidhibiti kimoja kitatumika kama mfano wa kudumu, nacho ni H801, kinachotengenezwa China, chenye njia tano za kutolea umeme wa taa, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kifaa cha kujifunzia kwa wapenzi wa elektroniki katika nchi nyingi.

1. Kasha moja, sehemu mbili zisizozeeka kwa kasi moja

Kabla ya kukifungua kidhibiti, ni lazima utepe wenyewe ufahamike. LED ni diodi, yaani kipande cha kielektroniki kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ambacho hutoa mwanga umeme unapokipitia. LED ya mwanga mwekundu ilionyeshwa na Nick Holonyak mwaka 1962, lakini ya bluu yenye mwanga wa kutosha ilichelewa hadi miaka ya 1990, na kazi hiyo ndiyo iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, kwa kuwa bila bluu, nyekundu na kijani peke yake haziwezi kuchanganywa zikatoa nyeupe.

Katika utepe wa rangi wa volti 12, kila taa ya mraba wa milimita 5 kwa 5 ina LED tatu ndani yake, nyekundu, kijani na bluu, na taa tatu zilizofuatana huungwa kwa mfululizo pamoja na rezista, yaani kipande kinachozuia umeme usipite kupita kiasi. Hiyo ndiyo sababu utepe huo hukatwa kila baada ya taa tatu na si mahali popote mkasi unapopenda. Waya mmoja wa chanya hutumiwa na rangi zote, na kila rangi hubaki na waya wake wa hasi. Kazi yote ya kidhibiti, ukiondoa mapambo, ni kufunga na kufungua njia hizo za hasi.

Kasha la H801 likifunguliwa, vitu vinavyoonekana ni vichache na vyote vinaelezeka. Upande mmoja kuna viungio vya skrubu vya kupokelea umeme wa volti 12 au 24, na upande wa pili viungio vya kutolea umeme kwenda kwenye utepe. Katikati kuna saketi ya kushusha volti hadi 3.3, kwa kuwa chipu haivumilii volti za juu kama hizo. Chipu yenyewe ni ESP8266 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyoanza kuvuma duniani mwaka 2014 kwa sababu iliweka kompyuta ndogo na redio ya waifai ndani ya kipande kimoja cha bei nafuu. Kando yake kuna chipu nyingine yenye miguu minane, ambayo ni kumbukumbu ya kuhifadhia programu, kwa kuwa ESP8266 haina kumbukumbu ya kudumu ndani yake. Mwisho kuna mosfeti tano, yaani transista zenye uwezo wa kupitisha umeme mwingi kwa kuamriwa na volti ndogo inayofika kwenye mguu wao mmoja uitwao geti.

Chipu haipunguzi volti ili taa ififie. Huwasha na kuzima mosfeti kwa kasi ambayo jicho haliioni, kwa mfano mara 1,000 kwa sekunde, kisha hubadilisha uwiano wa muda wa kuwaka na muda wa kuzimika ndani ya kila mzunguko. Kila rangi ikipewa ngazi 256 za uwiano huo, rangi tatu zinazaa michanganyiko 16,777,216, na hapo ndipo inapotoka ile sifa ya rangi milioni 16 inayochapishwa kwenye maboksi.

Basi hiyo ndiyo sehemu ya kwanza, ya vitu vinavyoshikika. Mosfeti isiyozidishiwa mzigo hudumu, rezista hudumu, na chipu isiyopata joto kali hudumu. Sehemu ya pili ni programu ya ndani, yaani maagizo yaliyoandikwa kwenye ile chipu ya miguu minane, ambayo haichakai kwa joto wala kutu, lakini huzeeka kwa namna nyingine kabisa.

2. Kinachokufa kwanza ni huduma

Katika vidhibiti vingi vinavyouzwa kwa kutumia programu ya simu, amri ya mtu aliyeketi sebuleni haiendi moja kwa moja kwenye kidhibiti kilicho hatua tatu kutoka alipo. Hutoka kwenye simu, ikapita kwenye ruta, ikaenda kwenye seva ya kampuni iliyo ng'ambo, kisha ikarudi kupitia ruta ileile hadi kwenye kidhibiti. Baadhi ya vifaa vinaweza pia kuamriwa ndani ya mtandao wa nyumba, lakini vingi huhitaji seva hiyo angalau siku ya kwanza ya kusajiliwa. Kwa hiyo bando likiisha, au kampuni ikiondoa programu yake ya simu sokoni, taa nzima yenye sehemu nzima hugeuka kuwa taa isiyo na amri.

Hofu hiyo si ya kubuni. Nchini Marekani kampuni ya Revolv iliuza kitovu cha kuunganishia vifaa vya nyumbani kwa bei ya dola 300 hivi, ikanunuliwa na kampuni ya Nest mwaka 2014, na mnamo tarehe 15 Mei 2016 huduma yake ikazimwa, na kitovu hicho hakikufanya kazi tena hata kwa wale ambao vyao havikuwa na mkwaruzo. Mwezi Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni nyingine ya Marekani ya vifaa vya taa na swichi, zilizimika bila wateja kutangaziwa, na huduma ikarejea baadaye tu kwa sababu kundi la watumiaji wenyewe liliinunua kampuni hiyo.

Fundi anapoletewa kifaa cha namna hiyo, multimita yake haitamwonyesha ubovu wowote. Volti ziko sawa, viungio viko sawa, hakuna harufu ya kuungua, ila kifaa hakitumiki. Fundi asiyejua kuigusa programu atamwambia mteja akitupe, na atakuwa amesema kweli kwa kadiri ya vifaa alivyonavyo. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kadiri hiyo inapasa ipanuliwe.

3. Mlango wa kuingilia upo, na una utaratibu wake

Kiwandani, chipu hizi zilijazwa programu kwa njia ya mawasiliano ya mfululizo, yaani namna ya kupeleka data biti moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja wa kutuma na mwingine wa kupokea. Njia hiyo kwa kawaida huachwa kwenye bodi. Katika H801 kuna safu ya matundu yaliyoandikwa alama za ardhi, volti 3.3, TX na RX, na kando yake kuna nafasi ya kuunganisha pini ya GPIO0 na ardhi. Kinachohitajika ni pini za kuchomelea kwa risasi, waya nne, kompyuta, na adapta ndogo ya USB ya mawasiliano ya mfululizo ambayo huuzwa kwenye maduka ya vipuri vya kielektroniki.

Hatua ya kwanza ni kuchomoa kabisa umeme wa volti 12, na ni hatua isiyo na msamaha. Wakati wa kuandika programu, chipu hulishwa volti 3.3 tu, na mwisho wa uvumilivu wake ni volti 3.6. Adapta nyingi za USB zina swichi au kiunganishi cha kuchagua kati ya volti 5 na volti 3.3, na uchaguzi huo unatakiwa upimwe kwa multimita, usiaminiwe kwa maandishi ya ubavuni. Jambo la pili linalowasumbua wanaoanza ni uhaba wa mkondo. Chipu aina ya FT232R, inayopatikana kwenye adapta nyingi, hutoa milliampea 50 tu kwenye mguu wake wa volti 3.3, ilhali ESP8266 hula takriban milliampea 170 inaporusha mawimbi ya waifai. Matokeo yake ni kwamba uandishi wa programu unaweza kuanza vizuri ukakatika katikati, au ukakamilika lakini kifaa kikajizima na kujiwasha bila kukoma, na fundi akailaumu programu wakati kosa ni la umeme.

Hatua ya pili ni kuiamsha chipu katika hali ya kupokea programu. ESP8266 inapopata umeme, hutazama pini tatu kabla ya kufanya lolote: GPIO0, GPIO2 na GPIO15. GPIO15 ikiwa chini, yaani karibu na volti sifuri, GPIO2 ikiwa juu, yaani karibu na volti 3.3, na GPIO0 ikiwa juu pia, chipu husoma programu iliyomo kwenye kumbukumbu na kuiendesha. GPIO0 ikiwa imeshikizwa kwenye ardhi wakati huo, chipu huacha programu ya ndani na kusubiri maagizo kutoka kwenye waya wa mfululizo. Wasikilizaji wenye jicho la mhandisi watapenda kujua kwamba katika H801 rangi nyekundu imeunganishwa na GPIO15 hiyohiyo. Sharti la pini hiyo kuwa chini wakati wa kuwaka linaafikiana na haja ya mosfeti kubaki imefungwa hadi programu ianze, na kwa hiyo sharti la chipu na haja ya taa vinatimizwa kwa wakati mmoja.

Jambo jingine linahusu lugha ya kwanza ya chipu. ESP8266 inapoamka hutuma maneno machache kwa kasi ya biti 74,880 kwa sekunde, ambayo si kasi ya kawaida, ilhali programu nyingi huendelea kwa kasi ya 115,200. Anayesikiliza kwa kasi hiyo ya pili huona herufi zisizosomeka mwanzoni, akadhani chipu imeharibika. Akibadili kasi ya kusikiliza atasoma bila taabu chipu imeamka katika hali gani, na habari hiyo humwokoa saa nzima ya kubahatisha.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kuchukua nakala ya akiba ya programu ya zamani kabla ya kuifuta. Kwa kumbukumbu ya megabaiti 1, nakala hiyo ni faili la baiti 1,048,576, na programu ya kompyuta iitwayo esptool huisoma kwa amri moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na fundi aliyefuta bila kuhifadhi hana cha kumrudishia mteja aliyebadili mawazo. Nakala hiyo ichukuliwe pamoja na mchoro wa pini zilizounganishwa na kila rangi, kwa kuwa mchoro huo ndio utakaohitajika katika hatua inayofuata. Kisha kumbukumbu hufutwa, programu mpya huandikwa kuanzia anwani ya sifuri, GPIO0 huachiwa kutoka kwenye ardhi, na kifaa huwashwa upya.

4. Programu mbadala zipo, zimekomaa, na kila moja ina kazi yake

Programu tatu zinastahili kutajwa kwa majina, kwa kuwa zote hupatikana bila malipo na msimbo wake unaweza kusomwa na yeyote. Tasmota ilianzishwa na Theo Arends wa Uholanzi na inamfaa anayetaka kifaa kijiendeshe chenyewe kwa ukurasa wake wa mipangilio. ESPHome ilianzishwa na Otto Winter mwaka 2018, ikanunuliwa na kampuni ya Nabu Casa mwaka 2021 na tangu 2024 iko chini ya taasisi ya Open Home Foundation. Kwa ESPHome, mtumiaji huandika maelezo mafupi ya pini na kazi zake, kisha kompyuta humtengenezea programu inayolingana na kifaa chake tu. WLED ilianzishwa na Christian Schwinne mwaka 2016, na nguvu yake iko kwenye mapambo ya mwanga unaotembea.

Kazi ya fundi katika hatua hii ni kuieleza programu mpya mwili ilioingia. Kwa H801 maelezo hayo ni kwamba nyekundu iko GPIO15, kijani GPIO13, bluu GPIO12, na njia mbili za mwanga mweupe ziko GPIO14 na GPIO4. Akikosea, hakuna kitakachoungua, ila mteja atabonyeza kijani akapata bluu.

Baada ya hapo kuna masahihisho yanayotenganisha kazi ya fundi na kazi ya kubahatisha. Jicho la binadamu haliuoni mwanga kwa uwiano ulionyooka, na taa iliyopewa nusu ya muda wa kuwaka huonekana kama iliyokaribia kuwaka yote. Kwa hiyo ESPHome huipitisha kila amri ya mwanga kwenye hesabu ya kipeo, ambacho kwa kawaida ni 2.8, na kwa hesabu hiyo amri ya asilimia 50 huifanya mosfeti iwake kwa takriban asilimia 14 tu ya muda. Bila sahihisho hilo, kitelezi cha simu huonekana kufanya kazi robo ya mwanzo na kulala robo tatu zilizobaki.

Sahihisho la pili linahusu mazingira ya umeme wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Programu hizi huruhusu mwenye kifaa kuchagua taa zifanye nini umeme unaporudi baada ya kukatika: zibaki zimezimwa, ziwake, au zirudi zilivyokuwa. Duka lililofungwa usiku halihitaji taa za dirisha ziwake zenyewe saa tisa. Aidha, Tasmota ina njia ya dharura ambayo kwayo kifaa kikiwashwa na kuzimwa haraka mara kadhaa mfululizo hufuta mipangilio yake yote, kwa faida ya mtu aliyesahau nywila. Mahali ambapo umeme hupepesa mara kwa mara, rehema hiyo hugeuka adhabu, na fundi mwangalifu huizima kwa mpangilio wa 65 kabla ya kumkabidhi mteja kifaa.

Faida kubwa kuliko zote ni kwamba amri sasa hubaki ndani ya nyumba. Simu huongea na kidhibiti kupitia ruta pekee, au kupitia itifaki ya MQTT, yaani utaratibu wa kupashana ujumbe mfupi kati ya vifaa, uliobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyounganishwa na satelaiti ghali. Bando likiisha, taa zinaendelea kutii.

5. Mipaka ya kazi hii ijulikane kabla ya kushika bisibisi

Uaminifu unadai isemwe wazi kwamba si kila kidhibiti kitafunguka kwa njia iliyoelezwa. Watengenezaji wengi waliotumia ESP8266 wamehamia kwenye chipu nyingine, hasa BK7231 ya kampuni ya Beken, ambayo hubebwa kwenye bodi ndogo zinazofanana sana na zile za zamani kwa umbo na mpangilio wa miguu. Kasha ni lilelile, picha kwenye boksi ni ileile, lakini programu ya ESP8266 haiwezi kukimbia humo. Mradi wa OpenBeken umeandikwa kwa ajili ya chipu hizo, na utaratibu wake wa kuingia ni tofauti kidogo, kwa kuwa chipu huamshwa upya kwa kugusisha mguu wake wa CEN na ardhi wakati kompyuta inaita. Kanuni inayopatikana hapa ni kwamba fundi asome jina lililochapwa juu ya chipu, asisome jina lililochapwa juu ya boksi.

Kwa muda fulani kulikuwa na njia ya kuandika programu mpya bila kufungua kasha. Mwezi Desemba 2018, katika kongamano la 35C3 mjini Leipzig, Ujerumani, Michael Steigerwald alionyesha udhaifu katika vifaa vilivyojengwa juu ya mfumo wa kampuni ya Tuya, na kutokana na utafiti huo ikapatikana zana iliyopeleka programu mpya kwa waifai. Kampuni ilirekebisha programu zake na vifaa vipya vikafungwa njia hiyo. Funzo la tukio hilo lina pande mbili ambazo hazitenganishiki: mwanya unaomruhusu mwenye kifaa kuingia bila waya ndio unaomruhusu mgeni pia, na ndiyo sababu mhadhara huu unaiheshimu zaidi njia ya pini na waya, ambayo humtaka mtu awe amekishika kifaa mkononi.

Mpaka mwingine ni wa aina ya utepe. Utepe uliojengwa kwa LED za WS2812B hauendeshwi kwa mosfeti za H801, kwa kuwa kila taa ina chipu yake ndogo inayopokea biti 24 za rangi kupitia waya wa data, kwa kasi ya biti 800,000 kwa sekunde, kisha ikapitisha zilizobaki kwa taa inayofuata. Kila taa huhitaji mikrosekunde 30, na utepe wa taa 300 hupokea picha nzima kwa milisekunde 9. Utepe wa aina hiyo ndio nyumbani kwa WLED. Mteja anayetaka mwanga ukimbie ukutani huku anamiliki utepe wa waya nne wa kawaida hana tatizo la programu, na hakuna msimbo utakaomsaidia.

Halikadhalika kuna malalamiko ambayo kidhibiti husingiziwa. Utepe wa mita 5 wenye taa 60 kwa mita hula wati 14.4 kwa mita, jumla wati 72, yaani ampea 6 kwa volti 12. Ukilishwa kutoka ncha moja, volti hupungua kadiri umeme unavyokwenda mbali. LED tatu nyekundu zilizo katika mfululizo zinahitaji takriban volti 6 tu, ilhali tatu za kijani au bluu zinahitaji zaidi ya 9, na kwa hiyo zinazofifia kwanza ni hizo mbili, na nyeupe ya mwisho wa utepe ikageuka wekundu. Dawa yake ni kuulisha utepe kutoka ncha zote mbili. Fundi aliyebadilisha programu ili kuponya wekundu huo atakuwa ametibu goti kwa maumivu ya jino.

6. Anayechukua mamlaka huchukua na wajibu

Wajibu wa kwanza ni wa uhai. Kidhibiti cha utepe kinafaa kujifunzia kwa sababu hulishwa na adapta iliyokitenga na umeme wa ukutani. Swichi janja za ukutani na plagi janja hazina utengano huo: ndani yake, zile pini za mfululizo zinaweza kuwa zimebeba volti 230 au 240 kifaa kikiwa kimechomekwa, na anayeunganisha kompyuta humo anahatarisha kompyuta na maisha yake. Mwanafunzi asihame kutoka utepe kwenda kwenye plagi kwa kudhani chipu ni ileile. Chipu ni ileile kweli, lakini kinachoua ni umeme unaoizunguka.

Wajibu wa pili ni wa mtandao. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo likaiangusha huduma ya kampuni ya Dyn, na tovuti mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Uingereza imejibu kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, inayokataza nywila moja ya kiwandani kwa vifaa vyote na kumtaka mtengenezaji aeleze atatoa masahihisho ya usalama kwa muda gani. Fundi aliyeweka programu mpya ndiye aliyeshika nafasi ya mtengenezaji, na hana budi kuweka nywila ya kipekee na kumwachia mteja maandishi ya namna ya kuisasisha.

Wajibu wa tatu ni wa siri. Ile nakala ya akiba iliyosifiwa hapo juu kwa kawaida huwa na jina na nywila ya waifai ya mteja katika maandishi ya wazi, kwa kuwa ESP8266 haisimbi kumbukumbu yake ya nje. Faili hilo ni taarifa ya mtu, na nchi kama Kenya kwa sheria yake ya mwaka 2019 na Tanzania kwa sheria yake ya mwaka 2022 zimekwisha kuweka misingi ya kulinda taarifa binafsi. Vivyo hivyo, anayeuza kidhibiti kilichotumika bila kukifuta anauza ufunguo wa mtandao wake pamoja nacho.

Upande wa pili wa mizani nao una wajibu wake. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 1799 ya mwaka 2024 kuhusu ukarabati, ingawa yanahusu orodha maalumu ya bidhaa kama mashine za kufulia, friji na simu, yanamkataza mtengenezaji kutumia mbinu za vifaa au za programu kuzuia matengenezo bila sababu halali. Kutajwa kwa programu katika sheria ya ukarabati ni ushahidi kwamba hoja ya mhadhara huu imekwisha kuvuka mlango wa karakana na kufika bungeni.

Hitimisho na mwelekeo

Hoja sita zimekamilika, na kinachobaki ni kazi. Vyuo vya ufundi, vikiwemo vya VETA nchini Tanzania na vyuo vya namna hiyo nchini Kenya na Uganda, vinaweza kuanza na zoezi moja lisilohitaji maabara ya gharama: kila wanafunzi wawili wapewe kidhibiti kimoja, mita moja ya utepe, adapta ya volti 12 na adapta ya USB, watakiwe kuchora saketi kabla ya kugusa kitu, wachukue nakala ya akiba, waandike programu mpya, kisha wairudishe ya zamani na kuthibitisha kwamba kifaa kimerejea kilivyokuwa. Mwanafunzi atakayeweza kwenda na kurudi atakuwa amejifunza zaidi ya yule aliyeweza kwenda tu.

Mafundi walioko kazini wanaweza kuanzisha daftari la pamoja lenye picha ya bodi, jina la chipu, na mpangilio wa pini wa kila kidhibiti wanachokifungua, ili anayefuata asianze sifuri. Waagizaji bidhaa nao wanaweza kuandika jina la chipu kwenye bidhaa wanazouza na kukiuliza kiwanda swali moja kabla ya kulipa: kifaa hiki kitafanya kazi bila seva yenu?

Taa za mapambo zikizimika, hasara ni ndogo. Lakini chipu za jamii hiihii zinaweza kukutwa katika vipande vya waifai vya vigeuza umeme vya sola, katika vidhibiti vya pampu za maji na katika vipima joto vya majokofu ya kuhifadhia chanjo, na huko huduma ya ng'ambo ikifungwa hasara haitakuwa ya urembo. Fundi atakayeitwa siku hiyo anapaswa kuwa amekwisha kujifunza mahali ambapo kosa lake lilikuwa ni kijani kuwaka bluu, na matayarisho yake yanaweza kuanza muhula huu.